Koili ya Mama Heriel

Ubao wa gereji ya Fabiani pale Nangara una maneno mawili tu, ya rangi nyeupe: HATUAZIMI VIFAA. Mgeni akipita atadhani ni ukali wa bure. Mwenyeji anaelewa. Mjini Babati ukipeleka gari kwa fundi ubadilishiwe kitu kimoja, unaweza kulichukua likiwa limepungukiwa vitu vitatu, vimekwenda kusaidia gari la mteja mwingine. Ukiuliza unaambiwa, ni kidogo tu mzee, kesho kinarudi. Mafundi wanaita kuazima. Fabiani alikuwa anaita wizi, na alikuwa anasema mbele ya watu.

"Wamejifunza kwa wakubwa," alikuwa akisema. "Mkubwa anaazima dawati la shule, linakuwa meza kwenye baa yake. Nani amemuuliza? Sasa fundi naye anaona, kumbe inawezekana."

Jumatatu asubuhi Mzee Sosthenes wa Sigino alileta pikapu yake ya petroli, gari la zamani kuliko watoto wake, breki zimekwisha. Mkewe, Mama Heriel, alishuka upande wa pili. Alikuwa mwanamke mnene, mwuza vitunguu saumu, ambaye kila mtu sokoni alimjua kwa kicheko. Alimkuta Fabiani ameinamia Zedi.

Zedi ni Datsun ya michezo, ya milango miwili, pua ndefu, silinda sita. Aliiacha mwenye shamba mmoja wa Kiru alipofunga shamba na kukosa cha kumlipa fundi wake. Tangu siku hiyo imepita miaka thelathini na moja. Wapo wanaojenga nyumba, wapo wanaonunua ng'ombe. Fabiani alikuwa na Zedi. Asubuhi ile alikuwa anasikiliza kabureta zake mbili kwa kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anakaza skrubu kidogo, anahamia ya pili, mpaka zote mbili zipumue sawasawa.

"Na huyu bibi harusi anatoka lini?" Mama Heriel akauliza.

"Jumamosi. Kwenye mbio za magari. Wamesema njia ni ile ile ya kwenu Sigino."

"Basi nitasimama barabarani nipige vigelegele." Akafungua pochi, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, pinki ya kung'aa, akakitikisa mbele ya uso wa fundi. "Nimeshaweka alama zangu, Baba Irine. Betri, pampu, koili, kila kitu. Usije ukanifanya kama mafundi wa stendi."

"Hata kwangu, Mama Heriel? Ubao si unausoma?"

"Wewe nakuamini. Mikono yako ndiyo siijui."

Sosthenes aliona aibu. Akamwambia fundi amsamehe, mwanamke huyu hata padri angempaka rangi. Wote wakacheka, na Fabiani akacheka pia, ingawa neno lile lilimchoma kidogo.

Jumatano mchana Mama Heriel alianguka sokoni, karibu na magunia yake. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho.

*

Habari za mazishi zililetwa gerejini na Bibi Philomena, mama mkwe wa Fabiani. Bibi huyu alikuja kumwuguza binti yake, Romana, miaka minne iliyopita. Romana akafa, bibi akabaki, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke.

"Walipanga Jumatatu," alisema, akikaa kwenye tairi. "Wamsubiri Heriel atoke Mwanza. Sasa wamesogeza. Ni Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Mheshimiwa mbunge yuko Babati Jumamosi, kuna mbio zenu. Jumatatu anakwenda Dodoma. Ametuma mtu akasema anataka kumzika Mama Heriel, ni mpiga kura wake. Atatoa na gari lake libebe jeneza."

Fabiani alitema mate pembeni. "Unaona, Mama? Mtu amekufa, na bado ratiba yake anapangiwa na mwenye gari la serikali. Mtoto wake wa kumzaa asubiriwe hapana, Mheshimiwa asubiriwe ndiyo. Nchi hii hata kaburi linachimbwa kwa ruhusa."

"Na wewe siku hiyo utazika au utakimbiza gari?"

 Fabiani alishika spana akarudi kwenye Zedi. Alijua angekimbiza gari. Alikuwa amelipa kiingilio, na barua ya kukubaliwa ilikuwa imebandikwa ukutani, chini ya picha ya Romana.

*

Ijumaa asubuhi magari yalikaguliwa uwanjani. Yalikuwa kumi na moja, mengi ya vijana wa Arusha, yamebandikwa matangazo mpaka vioo. Katibu wa kamati alikuwa kijana anaitwa Allen, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Kilimanjaro, shati limechomekwa, kadi shingoni. Huyu Allen ndiye aliyepata picha ya Zedi akaiweka kwenye bango kubwa la mbio bila kumwuliza mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Hili ndilo lile la kwenye bango?"

"Marahaba. Ndilo."

"Tumekupanga namba moja. Gari la historia linafungua njia, Mheshimiwa anapeperusha bendera, waandishi wanapiga picha. Sasa liache liungurume hapo tulisikilize."

Fabiani akaliwasha. Zedi iliwaka kwa mguso mmoja, sauti ya chini, nzito, safi. Vijana wa Arusha waliacha soda zao wakaja kusimama. Mmoja alisema, mzee hiyo ni kitu, mzee hongera. Irine, binti yake Fabiani, ambaye ndiye angekaa naye kumsomea njia, alikuwa pembeni ameshika daftari, anatabasamu. Kwa dakika kumi hivi Fabiani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa yule ambaye Romana alimfahamu, Romana aliyekuwa anakaa ndani ya Zedi akikanyaga pedeli ya breki huku mumewe yuko chini anatoa upepo ulionasa kwenye mabomba yake. Kanyaga. Shikilia. Achia. Ndiyo yalikuwa maongezi yao ya jioni.

Kisha Zedi ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

Akajaribu kuwasha. Stata inazunguka, moto hakuna. Akajaribu mara sita. Watu wakaanza kucheka kwa adabu, halafu bila adabu.

"Bibi amechoka," mmoja akasema.

"Mpeni uji."

Allen aliangalia saa. "Mzee, mimi sina neno. Lakini Mheshimiwa hawezi kupeperushia bendera gari lililozimika. Kesho saa mbili liwake na likae limewaka. La sivyo tutaliweka hapa mlangoni kama pambo, watu wapige nalo picha. Si litapendeza tu?"

Walilisukuma mpaka nje ya uwanja, Fabiani na binti yake na vijana wanne ambao walikuwa wanacheka huku wakisukuma. Robo saa baadaye akajaribu tena, likawaka kana kwamba halikukosa kitu. Fabiani akajua ugonjwa. Ilikuwa koili, ile inayotengeneza moto wa plagi. Koili mbovu iko hivyo: ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata joto inakata, ikipoa inarudi. Ilikuwa ya miaka mingi, ina ufa, na Irine mwenyewe alikuwa ameizungushia utepe wa bluu mwaka jana.

Walizunguka maduka yote ya vipuri. Kote waliambiwa jambo moja: koili za namna hiyo haziji tena, zilizopo ni za magari ya siku hizi, zile zinazokaa juu ya plagi. Akapiga simu Arusha. Ipo moja, wakamwambia. Itapanda basi la Jumapili.

*

Saa kumi jioni Irine alikwenda kumsaidia bibi yake kuchambua mchele wa kupeleka msibani. Fabiani alibaki peke yake gerejini, na pikapu ya Sosthenes.

Breki zake zilikuwa zimeshakamilika tangu jana. Alifungua boneti, akasimama akaangalia. Koili ilikuwa pale, nzima, mwaka haujaisha tangu inunuliwe. Na juu yake, karibu na waya, kulikuwa na tone la pinki, limekauka, linang'aa.

Alijieleza mwenyewe, kama mtu anayejibu polisi. Pikapu haina kazi kesho. Jeneza linabebwa na gari la Mheshimiwa. Sosthenes yuko kwenye msiba, hawezi kuwaza gari mpaka Jumatatu. Jumapili basi linakuja. Jumapili jioni hii inarudi ilipokuwa, hakuna aliyepungukiwa. Na kama kuna wa kulaumiwa, ni hao waliojaza nchi magari ya kompyuta mpaka koili ya kawaida inatafutwa kama dhahabu. Ni huyo Allen na kadi yake shingoni. Ni kidogo tu, akasema kwa sauti. Akasikia alichosema.

Akafungua nati mbili. Akaitoa koili kwa kitambaa, hakuigeuza, alikuwa na haraka. Akachovya kitambaa kwenye thina akasugua lile tone. Halikutoka mara moja. Rangi ya kucha ina ukaidi. Ikabidi asugue kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ikaacha doa la waridi kwenye kitambaa na harufu kali puani mwake.

Ile ya kwake yenye utepe wa bluu akaifunga kwenye pikapu, ili mtu akifunua boneti asikute pengo.

Irine aliporudi alimkuta baba yake ameketi kwenye Zedi, injini imewaka, saa iko mkononi. Dakika ishirini. Dakika thelathini. Haikukohoa.

"Koili umepata wapi?"

"Dereva wa basi la mchana alikuwa nayo. Ya Arusha."

"Si walisema Jumapili?"

"Wanasema mengi hao," Fabiani akasema.

*

Jumamosi saa tatu, mlangoni pa chumba cha maiti, Sosthenes na ndugu zake walikuwa wamesimama na jeneza. Gari la Mheshimiwa halikuonekana. Walipiga simu, ikapokelewa na dereva. Dereva alisema mkubwa amebadilisha, gari litatangulia uwanjani kwenye bendera, kisha ndiyo lije. Saa ngapi? Hajui. Nyie subirini.

Walisubiri mpaka saa tatu na nusu. Katekista alianza kuangalia jua. Walikuwa wameambiwa wawe wamevuka barabara ya Sigino kabla ya saa nne, kwa sababu saa nne magari yanaachiwa.

"Nina gari langu," Sosthenes akasema. "Liko Nangara kwa fundi. Breki zimeisha kutengenezwa, alinipigia."

Alipofika gerejini, Fabiani na binti yake walikuwa wameshaondoka. Bibi Philomena alimpa pole, akatoa ufunguo kwenye msumari. Hakuna aliyemwambia asitoe. Pikapu iliwaka kwa mguso wa kwanza, na Sosthenes akasema, Mungu ambariki fundi yule.

Wakapakia jeneza. Kina mama walipanda nyuma, wakalizunguka, wakaanza wimbo. Wakatoka mjini saa nne kasoro kumi. Mlinzi wa barabara aliwaruhusu wapite, akawaambia wasikawie.

*

Saa nne kamili Mheshimiwa alipeperusha bendera mbele ya Zedi, akitazama kamera, hakumtazama dereva. Alikuwa amemwambia Allen, na Allen alikuwa amemwambia kila mtu, kwamba kuna mahali anawahi.

Fabiani aliachia klachi.

Mtu ambaye hajawahi kuendesha gari la namna ile kwenye vumbi hawezi kuelezwa. Uwanja uliyeyuka. Pua ndefu ilielekea mbele na nyuma yake ikacheza kidogo, akaishika, ikakaa. Gia ya pili, ya tatu. Kelele ya silinda sita ilijaa ndani ya kofia yake ngumu mpaka akasahau kuwa ana miaka sitini na mbili, kuwa ni mjane, kuwa jana alisukumwa nje kama mkokoteni.

"Kulia nusu," Irine alisoma, daftari linaruka mapajani. "Mita mia. Kalavati, shika katikati. Kushoto kali, kushoto kali, Baba."

"Nimeiona."

"Tumeivuka. Mita mia tatu, nyoosha mguu."

Akanyoosha. Injini haikukohoa hata mara moja. Alikuwa anacheka. Irine alimsikia baba yake akicheka, kitu ambacho hakukisikia tangu mama yake awekwe ardhini, naye akaanza kucheka huku anasoma.

"Kilima. Juu ya kilima kulia kali, usikate, kuna mtaro."

Wakapanda kilima, wakapinda kulia, na barabara ilikuwa imejaa.

Fabiani alikanyaga breki mpaka mwisho. Zedi ililalama, ikateleza ubavu, ikasimama hatua kama kumi kutoka kwenye bampa ya pikapu. Vumbi lilimaliza kupita juu yao. Ndipo akaona jeneza, na msalaba wa mbao, na kina mama walioketi kando ya mtaro wameshika vichwa.

"Baba, wengine wanakuja." Irine alikuwa ameshafungua mlango. Alinyakua kitenge cha mama mmoja, akakimbia kurudi juu ya kilima, akaanza kukipunga kwa mikono miwili. Gari la pili lilimwona likasimama. La tatu nalo.

Sosthenes alikuja taratibu, suti imejaa vumbi. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye mashavu.

"Fundi," alisema. "Nilikuwa hapa hapa naomba. Nikasema, Bwana, hata kama si kwa ajili yangu. Nimeinua macho, wewe huyu."

"Imefanyaje?" Fabiani akauliza, ingawa alijua.

"Ilikuwa inakwenda vizuri. Ikakohoa, ikakata."

Watu waliwazunguka. Fabiani alifungua boneti ya pikapu, na utepe wa bluu ukamtazama. Angeweza kusema ipoe kwanza. Ingepoa, ingewaka, ingekata tena kabla ya Sigino, na mama wa watu angekwama barabarani mara ya pili. Akachukua spana. Akaenda kwenye Zedi, akafungua koili, mikono inaungua na joto, akaileta kwenye pikapu.

"Jamani ona," mama mmoja akasema. "Anatoa cha kwake."

"Na mbio zake je?"

"Ameziacha. Kwa ajili ya marehemu."

"Wapo watu bado."

"Nishikie hii," Fabiani alimwambia Sosthenes, kwa sababu alihitaji mikono miwili kuondoa ile mbovu. Sosthenes akaishika koili kwa leso, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto. Akaigeuza. Akakaa akiitazama upande wa kitako. Kisha akaifunika kwa kidole gumba, akasubiri, na alipoambiwa alete akaileta. 

Irine alikuwa amerudi. Alisimama nyuma ya baba yake wakati utepe wa bluu unatoka ndani ya pikapu ya watu. Utepe alioufunga mwenyewe, na fundo lake mwenyewe. Alimtazama baba yake. Fabiani alikuwa anakaza nati, na aliendelea kuikaza hata ilipokuwa imekaza.

Pikapu iliwaka. Kina mama wakapanda, wimbo ukaanza tena. Zedi ilisukumwa pembeni ya mtaro ili wengine wapite.

*

Walikwenda kwenye mazishi kwa miguu, baba na binti. Walikuta kila kitu kimechelewa. Heriel alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye basi la Mwanza, begi bado begani, na amewahi kumwona mama yake kabla jeneza halijafungwa. Alimshika Fabiani mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba, nimesimuliwa. Gari lisingeharibika njiani nisingemkuta. Na wewe usingekuwepo wasingefika. Sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru," Fabiani akasema. Heriel akadhani ni unyenyekevu, akamkumbatia.

Mheshimiwa alifika kaburi likiwa limeshafukiwa nusu. Alipewa kipaza sauti. Hakusema gari lake lilikuwa wapi saa tatu. Alisema amesikia habari za mwananchi mmoja mzalendo, fundi wa kawaida kabisa, aliyeacha ushindi akatoa kifaa cha gari lake kwa ajili ya mama yetu. Akasema tungekuwa na mafundi kumi kama huyu Manyara ingekuwa mbali. Akaomba asimame.

Watu walimsukuma Fabiani mbele. Alisimama karibu na udongo, kofia ngumu bado iko kwapani, na Mheshimiwa akampa bahasha, akamshika bega mpaka mpiga picha akamaliza. Mtu ambaye Fabiani alimchukia kuliko watu wote, ambaye alimsema miaka yote kwenye gereji yake, alikuwa anamsifu, na yeye hakuwa na mdomo wa kukataa. Alitafuta uso wa Sosthenes. Sosthenes alikuwa anaangalia kaburi.

Irine alikuwa ameshaondoka.

*

Siku tatu zikapita nyumbani. Irine alipika, akapakua, akaweka. Bibi Philomena alikula akiwatazama mmoja mmoja. Jumanne asubuhi alisema, bila kuinua macho kwenye kikombe, "Romana alikuwa ananiambia, Mama, mume wangu ana mdomo, lakini mikono yake ni safi. Ndiyo maana nilikaa hapa." Akamaliza chai yake akatoka.

Koili ya Arusha ilikuwa imefika, ndani ya boksi lake. Fabiani hakuwa ameifungua. Bahasha ilikuwa pembeni yake, nayo haijafunguliwa. Zedi ilikuwa uani, vumbi la Sigino bado liko mwilini.

Saa nne pikapu iliingia. Sosthenes alishuka peke yake. Hakunyoa, kwa sababu ya msiba. Alisalimia, akavuta kigoda, akakaa mlangoni, uso kwa barabara, chini kabisa ya ule ubao.

"Nimekuja kulipa koili," akasema. "Watu wote wanajua umenipa ya kwako. Sipendi kutembea na kitu cha mtu."

Akatoa pesa mfukoni, akaziweka juu ya benchi ya kazi. Fabiani alizitazama. Alikuwa amejiandaa tangu Jumamosi. Maneno yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya kweli.

"Baba Heriel," akaanza. "Chanzo cha yote haya ni wale wakubwa. Nani alisogeza mazishi? Nani aliahidi gari halafu akalipeleka kwenye picha? Kama Mheshimiwa angefanya kama alivyosema, pikapu yako isingetoka hapa, na—"

"Kweli," Sosthenes akasema. "Mheshimiwa alisogeza mazishi. Mheshimiwa alininyima gari." Akageuka, akamtazama fundi. "Na ile alama ya juu aliifuta Mheshimiwa?"

Bodaboda ilipita barabarani. Irine alikuwa ametokea mlango wa nyuma, akasimama.

"Alikuwa anaweka mbili," Sosthenes akaendelea, sauti ya kawaida tu. "Moja juu, moja kitakoni. Nilimcheka. Nikamwambia, mama, unamaliza rangi yako bure, kwa Fabiani huna haja. Akaniambia, basi ya kitakoni nitaweka ya kwako, ikusaidie siku ukiwa peke yako."

Fabiani alikaa chini, kwenye lile tairi. Alichukua pesa kwenye benchi akazirudisha mkononi mwa Sosthenes. Vidole vyao viligusana na hakuna aliyeangalia.

"Niliiba," akasema. "Sikuazima. Niliiba, na niliifuta akiwa ameshakufa. Nilijua ameshakufa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma Heriel. Heriel anakuombea kanisani." Sosthenes akaingiza mkono kwenye koti. Fabiani alidhani ni kitu cha kumpiga, na hakujikinga. Kilikuwa kichupa kidogo, pinki, kimebaki robo.

"Irudishe ile uliyofuta."

"Baba Heriel."

"Irudishe. Pale pale ilipokuwa."

Fabiani alinyanyuka. Alifungua boneti ya pikapu. Mama mmoja wa jirani aliyekuwa anapita na ndoo alisimama kuangalia fundi shujaa wa Mheshimiwa anafanya nini na rangi ya kucha, na mwingine akasimama nyuma yake. Sosthenes hakuwafukuza. Fabiani naye hakuwafukuza.

Brashi ilikuwa ndogo, kama unyoya wa paka. Mkono huu ulikuwa unapima nafasi ya pointi za moto wa injini kwa kipande cha kalenda ya kanisa, haukuhitaji kipimo cha dukani. Sasa haukutulia. Tone la kwanza lilidondoka kwenye waya. La pili likapita pembeni. Irine alikuja taratibu, akasimama karibu yake, akamshika baba yake kifundo cha mkono, si kwa upole wala kwa ukali, kama mtu anayeshika spana ili mwingine akaze.

"Shikilia," akasema.

Akashikilia.

"Achia."

Tone likakaa juu ya koili, mahali pake. Watu watatu wakasimama wakaliangalia mpaka likakauka. Sosthenes akachukua kichupa, akakifunga vizuri, akaingia kwenye gari lake na kuwasha.

Alipoondoka, mama mwenye ndoo akauliza, "Fundi, mlikuwa mnafanyaje?"

Fabiani alikuwa ameshachukua ngazi. Alikuwa anaiegemeza ukutani, chini ya ubao, apande aung'oe.

"Ngoja nishuke," akasema, "nikwambie."